Sijaolewa Uluguru

Mafiga, Morogoro

Dada yangu Mariamu,

Shikamoo dada. Natumaini nyote wazima hapo Urambo, wewe na shemeji na watoto, na kwamba mguu wako umepungua kuvimba. Tausi wangu je, bado anakohoa alfajiri? Mimi mwili wangu mzima. Roho ndiyo imechafuka, na sitazunguka kukwambia kwa nini. Barua yako niliianza kuisoma nimesimama mlangoni kwa mama mwenye nyumba, nikaimaliza nimekaa chini sakafuni.

Umeandika kuwa nimeolewa. Umeandika kuwa nimeolewa na mzee wa Kiluguru huko milimani, bila posa, bila kuwaambia, kama mbuzi aliyekata kamba. Umesema Kasimu, mdogo wa marehemu mume wangu, amekuja na habari na picha, na sasa wakwe zangu wanamtaka mtoto. Wazee walikubaliana nilipomaliza eda kwamba Tausi akae kwetu mpaka siku nitakapoolewa tena, na siku hiyo aende kwa baba zake wadogo. Hayo nayakumbuka, nilikuwepo. Lakini ukaendelea kuandika, dada, kwa mwandiko uleule ulionifundishia mimi kuandika, kwamba wakija baada ya soko la tumbaku utamtoa, kwa kuwa makubaliano ni makubaliano.

Hutamtoa. Sijaolewa. Ningeweza kuishia hapo nikatia sahihi, lakini naona kwenu siku hizi neno la Kasimu lina uzito kuliko langu, basi kaa kitako nikusimulie ile safari yote, na ukimaliza uwasomee wazee kwa sauti. Kasimu naye awepo. Asiondoke kwenda haja.

Kiwanda unajua kiliuzwa. Mwenye mali mpya alikuja na watu wake, sisi tukaitwa uwanjani, ofisa utumishi akasoma majina ya wanaopunguzwa, la kwangu likiwemo. Ofisa yuleyule baada ya muda akapunguzwa na yeye. Nilicheka, nikidhani Mungu amelipa. Kumbe alishaona mbali. Alinunua gari bovu, akabandika karatasi mlangoni, akawa na kampuni ya kupeleka watalii milimani. Siku hizi ni ruksa, mwenye gari na maneno matamu anaitwa mkurugenzi. Akaja Mafiga kutuchukua sisi sisi aliotusomea majina, tumbebee mizigo. Mimi akanipa jiko.

Umeniandikia kwamba nalala porini na wanaume. Nalala kwenye hema la masufuria, dada, na masufuria hayana mikono. Mwambie aliyekwambia.

Kasimu alikuja kwangu na begi moja na njaa. Nilimpa sehemu ya kulala ukumbini, nikampigia magoti tajiri wetu, huyo ofisa wa zamani, mpaka akampa mzigo. Nilifanya hivyo kwa ajili ya marehemu kaka yake, Ramadhani wangu, si kwa sababu ya uso wake. Basi tukaenda Mgeta na wazungu wanne na wapagazi wa mjini. Pale Mgeta wapo wanaume wanaoijua milima hiyo kama wewe unavyolijua jiko lako, na walikuja wakajipanga wakitaka kazi. Tajiri akawakataa. Alisema watu wa Mgeta wakiambiwa ondoka wanakaa, wakiambiwa kaa wanaondoka. Alitutaka sisi, watu tuliokwisha kuzoea kusema ndiyo. Wale wanaume walitutazama tukifunga mizigo wala hawakutusaidia hata kuinua mmoja, na mimi sikuwalaumu.

Wewe hujaona milima, dada. Huko kwetu ukisimama juu ya kichuguu unaona mpaka kesho. Huku njia inapanda katikati ya mashamba ya kabichi na njegere yaliyochongwa kama ngazi, na aliye mbele yako humwoni mgongo, unamwona visigino. Mashamba yakiisha unaingia msituni, matope mpaka kwenye vigimbi vya miguu, halafu mianzi iliyolaliana, na ukungu unakupiga usoni kama shuka mbichi. Wanawake wa Kiluguru walitupita wakishuka na mikungu ya ndizi vichwani, miguu mitupu, wakatutazama sisi wenye viatu tunavyotambaa. Mmoja akatuuliza kama tunakwenda au tunarudi. Nilikuwa nachukia kila kitu, dada. Nilichukia mizizi, nilichukia wale wazungu na fimbo zao mbilimbili, nilimchukia tajiri aliyetembea bila kubeba hata kikombe chake.

Tulikuwa tumevaa mitumba ya sokoni kwa ajili ya baridi, kila mtu alichopata. Kasimu alipata koti la kike la rangi ya waridi lenye manyoya shingoni. Tulimcheka, naye alinuna, maana yeye hapendi kuchekwa. Yeye ndiye aliyekuwa amebeba dumu la mafuta ya taa ya majiko yangu.

Jioni tulitokea juu kabisa, Lukwangule wanapaita. Ni uwanda wa nyasi na maji yaliyotuama, na upepo hauna pa kujifichia. Mvua ilikuwa inapigwa na upepo ikaja ubavuni. Nikaweka majiko ndani ya hema, nikamwambia Kasimu lete dumu. Akalileta kwa kidole kimoja. Dada, dumu la mafuta haliletwi kwa kidole kimoja. Nikalitikisa, tupu. Akasema limevuja. Nililigeuza juu chini mbele ya watu, halikuwa na tundu la kupitisha sindano. Alikuwa ameyamwaga kwenye mianzi ili mzigo uwe mwepesi, na mmoja wa wenzake alimwona.

Kuni zote za huko zilikuwa zimelowa kama zimetoka mtoni. Tulikula mkate na sukari, tukanywa maji ya baridi. Mama mmoja wa Kizungu alianza kutetemeka, meno yanagongana, midomo imekuwa ya bluu, mumewe analia hadharani kama mtoto. Nilimvua nguo zake mbichi, nikamfunga vitenge vyangu vyote viwili, nikamkumbatia mpaka akatulia. Mimi niliyeitwa malaya kwenye barua yako ndiye niliyebaki na gauni lililolowa. Tajiri akauliza mafuta yako wapi. Nikasema. Sikumung'unya maneno, nilisema Kasimu kayamwaga, na angeniuliza tena leo ningesema tena. Mtu angetufia. Tajiri akamtazama Kasimu, akasema tutaongea tukifika Kisaki kwenye treni.

Kulipokucha tajiri akaamua tushuke upande wa mashariki haraka, tutafute watu wenye moto. Tulishuka kwa makalio zaidi kuliko kwa miguu. Mchana tukaona moshi, nyumba, migomba, nikamshukuru Mungu. Nilimshukuru mapema mno. Njiani walikuwa wamelaza gogo, na nyuma ya gogo wamesimama wanaume wenye mapanga na wanawake wenye majembe, hakuna hata mmoja aliyeitikia salamu.

"Simameni hapohapo," akasema mwanamume mmoja. "Safari hii mmekuja kupima nini?"

Tajiri akajisogeza mbele. "Sisi ni kampuni. Hawa ni watalii. Tuna kibali cha wilaya."

"Hata wale wa rangi nyekundu walikuwa na kibali."

Nilikuja kuelewa baadaye. Kuna watu waliwahi kupita wakapaka miti rangi nyekundu, wakapewa chakula, wakalala vizuri, wakaondoka. Kisha wenyeji wakaambiwa mashamba yaliyo juu ya rangi ni msitu wa serikali, asionekane mtu na jembe. Kwa hiyo mgeni anayetoka juu msituni hapo si mgeni. Tajiri angenyamaza tungepona. Lakini yeye bado alikuwa ofisa utumishi, akapaaza sauti kuwa atawaleta polisi, wote watakamatwa na majina yao atayapata. Basi yule mwanamume akavuka gogo, na nyuma yake wakavuka wengine. Yule mama wa Kizungu alikuwa begani kwangu, anapumua kama kuku aliyekamatwa. Dada, niliogopa. Nilimwaza Tausi, nikasema nitakatwa mapanga hapa na mwanangu ataambiwa mama alikwenda milimani.

Mwanamke mzee akawasukuma wale wanaume, akaja mpaka mbele yetu. Ndiye mkubwa wa ukoo wenye ardhi ile, maana kule ardhi inashikwa na upande wa mama. Bibi mfupi, macho makali, jembe begani. Akatutazama mmoja mmoja kama anayechagua viazi.

"Ninyi ni watu wa wapi?"

Mmoja akasema Singida, mwingine Iringa. Akafika kwangu.

"Mimi Mnyamwezi, bibi. Wa Urambo."

Akashusha jembe. "Mnyamwezi! Mtani wangu! Na unapita kwangu mikono mitupu? Babu zako walipita huko chini na pembe za ndovu za watu mabegani, wakanywa maji yetu, hata chumvi hawakutuachia!"

Na mimi, pamoja na njaa na baridi na hofu, nikamjibu kama tulivyolelewa kujibu. "Mngelipwaje, bibi? Tuliwatafuta tuwalipe, mkakimbilia juu ya mawe kama pimbi! Mpaka leo hamjashuka!"

Halafu mwanamke mmoja akacheka, kisha wote, na yule mwenye panga akalikita chini akashika mbavu. Bibi akanishika mkono. "Huyu hapiti bure," akasema. "Huyu tunamwoa. Leteni unga!"

Sasa sikiliza vizuri, kwa sababu hapa ndipo Kasimu alipopata mali yake ya kuja kuuza kwenu. Walinimwagia unga wa muhogo kichwani. Wakamtoa ndani mzee mmoja, Mzee Kibwana, hana jino hata la kusingizia, wakamsimamisha kando yangu. Nikasema, "Mume gani huyu? Hata muhogo nitamtafunia mimi?" Naye akasema, "Nimepewa Mnyamwezi aliyekonda hivi, nitambebesha nini?" Wanawake wakapiga vigelegele. Wakaleta jogoo, wakasema ndiyo mahari. Na unajua nani aliruka mbele kusimama kama kaka wa bibi harusi? Kasimu! Alisema dada yake haolewi kwa jogoo mmoja mwenye kideri, anataka na wa pili. Akaletewa wa pili. Alicheka mpaka machozi yakamtoka. Mwulizeni hapo alipokaa paja la jogoo lilikuwa na ladha gani, maana alilila yeye.

Gogo likaondolewa. Tukapewa moto, tukapewa uji wa moto na nyumba ya kulaza yule mgonjwa. Mzungu mmoja akapiga picha, akifikiri anaona harusi, na hakuna aliyejisumbua kumweleza. Picha akaituma ofisini kwa posta. Kasimu alipokuja kudai viatu vyake alivyoviacha, akaiiba mezani.

Maana Kisaki, kwenye stesheni ya reli ya Zambia, tajiri alimfukuza kazi. Aliondoka bila kuniaga. Alisimama tu mbali akaniambia, "Shemeji, utanijua." Sikumjali. Nilikuwa nimechoka, miguu imepasuka, nataka kulala tu kwenye benchi la stesheni. Sasa nimemjua.

Unasema umeiona picha kwa macho yako, mimi na unga kichwani na mwanamume ameshika mkono wangu. Iangalie tena. Pembeni kulia kuna mkono umeingia nusu, mkono wa koti la rangi ya waridi, umeshika jogoo miguu. Mwulize mwenye koti kama kaka wa bibi harusi huwa anakwenda kwenye harusi asiyoitambua, kisha anakwenda kuishitaki kwa wazee.

Hasira yangu kubwa si juu yake. Yeye ana sababu zake, mbaya lakini ni sababu. Hasira yangu ni juu yako, dada. Wewe hujui utani? Siku ya msiba wa baba, watani wetu wa Kizaramo wa relini hawakumkamata mjomba wakamfunga kamba, wakasema wanakwenda kumuuza sokoni, na wewe ukaleta sahani ya pilau kumkomboa? Kuna mtu alikwenda kuwaambia wakwe zake kuwa mjomba ameuzwa? Mmoja wao hakulala ndani ya kaburi akisema hatoki mpaka apewe sigara? Tulimzika? Ulicheka siku hiyo na machozi ya msiba bado hayajakauka, ukasema watani ndio wanaotushusha mzigo. Mimi walinishusha mzigo, dada. Waliokoa roho zetu. Na wewe uliyenilea, uliyejua hata nikidanganya kwa namna ninavyovuta pumzi, ukaona unga kwenye picha ukaamini.

Au hukuamini. Hilo nimeliwaza pia, nimelala nalo, nimepika nalo. Labda hukuamini ila umechoka. Mtoto anakohoa, anakula, ada ya shule wameirudisha, mguu unauma, na hapa kapatikana mtu anayekupa sababu safi ya kumtoa. Kama ndivyo, niambie hivyo. Niambie, "Zena, nimechoka na mwanao." Nitalia nikusamehe siku hiyohiyo. Usinifichie uchovu wako ndani ya harusi yangu ya uongo.

Nikwambie kingine kuhusu huko. Wakati nakoroga uji kwa yule bibi, aliniuliza kama nina mtoto. Nikasema ninaye, yuko kwa dada yangu, ila wakwe zangu wanamngojea nikiolewa. Akaacha kupuliza moto.

"Wanamngojea kwa nini?"

"Ni wa kwao, bibi. Mtoto kwetu ni wa upande wa baba."

"Nani alimzaa?"

"Mimi."

"Sasa ni wa nani tena?" akasema. Nikadhani ni utani nikacheka, lakini yeye hakucheka. Akanieleza kwamba kwao mtoto ni wa ukoo wa mama, mwanamume anakuja na kuondoka na kofia yake, watoto wanabaki pale ilipo kitovu cha mama yao. "Ninyi watani zetu kwa kubeba mnajua," akasema. "Hata cha kwenu mnambebea mwingine." Ule ndio usemi pekee wa siku ile ambao sikuweza kuujibu.

Leo ninao wa kujibu, si kwake, ni kwa wakwe zangu. Wasomee polepole. Wachague moja. Kama ile ilikuwa utani, mimi sijaolewa, na Tausi anabaki alipo kama walivyokubaliana wenyewe. Na kama wanashikilia kuwa ile ilikuwa ndoa, haya, ilikuwa ndoa. Nimeolewa Uluguru, kwa unga wa Uluguru, kwa jogoo wa Uluguru, shahidi wangu ni mtoto wao Kasimu aliyepokea mahari. Basi ndoa ya Uluguru ina mila ya Uluguru, na kwa mila hiyo mtoto ni wangu, si wao wala si wa mwanamume yeyote, na atakuja kuchukuliwa na upande wa mama. Wakitaka kujua hao upande wa mama wanafananaje, nitamwomba bibi aje na wajukuu zake na yale majembe. Atakuja, dada. Ni mtani, hahitaji kualikwa.

Mimi mwenyewe nakuja. Tajiri amekataa kunipa ruhusa, na nimemwambia atafute mtu mwingine wa kumwambia ndiyo. Nitapanda treni ya wiki ijayo. Usinipikie kitu, usimwambie mtu nikae kwake. Nitakuja moja kwa moja uani kwako, na nikifika nataka kumwona mwanangu akicheza pale pale. Nikimkosa, dada, hatutasalimiana tena mimi na wewe, na unajua sina dada mwingine.

Nisalimie shemeji, mume wako, ambaye najua hana sauti ndani ya nyumba lakini ana huruma. Msalimie mjomba aliyeuzwa sokoni, mwambie namkumbuka. Mama mkwe wangu msalimie kwa heshima zote, nilimzika mwanawe, yeye hakunikosea. Mama Hadija jirani, aliyempa Tausi asali ya kikohozi, mwambie nimemletea njegere kavu za Mgeta. Kasimu simsalimii.

Na Tausi usimsalimie kwa niaba yangu, hilo nitafanya mwenyewe. Wewe mwambie jambo moja tu, tena leo, kabla watoto wa jirani hawajamwambia vingine. Mwambie mama yake hajaolewa. Mwambie kwa mdomo wako wewe, ukimtazama.

Ni mimi mdogo wako,
Zena,
mjane wa Ramadhani mpaka ninapoandika.